Zebaki Kwenye Chupa Tupu

Kwenye jengo lao la Joubert Park kila mtu alijua Sagesse anafanya kazi wapi, na hakuna aliyejua anafanya nini. Wengine walisema anatengeneza dawa. Wengine walisema anapima damu za watu na kuwaficha majibu. Cyriaque, fundi cherehani wa ghorofa ya pili, Mrundi mwenye mdomo usiojua likizo, aliapa kwamba binti huyo anapima dhahabu na siku moja ataondoka nayo ndani ya viatu. Basi kila Jumamosi mlango uligongwa. Huyu kaleta asali ya kununua kwenye roboti, pale taa za barabarani, anataka kujua kama si sukari iliyochemshwa. Yule kaleta maji ya nabii, anataka kujua kama kweli yana kitu. Mama mmoja alileta supu ya mumewe kwenye kopo la siagi.

"Wewe pima tu, mwana yangu. Nikijua imetoka kwa ule mwanamke wa ghorofa ya sita, mengine niachie."

"Mama, sisi hatupimi supu za watu."

"Eish! Sasa mnapima nini mchana kutwa?"

Walipima maji ya visima, samaki wa makopo, na mchanga wa yale marundo ya machimbo ya zamani yanayozunguka Johannesburg kama vilima vya uongo. Maabara yenyewe ilikuwa Doornfontein, ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Kazi ilikuwa na utamu wake, nani atabisha? Koti jeupe lenye jina lako kifuani. Hewa ya baridi wakati wenzako wanaungua juani na meza za viatu. Hakuna mteja wa kukutukana mama yako. Dada yake Sagesse, Héritière, aliyesimama miaka yote saluni mpaka miguu ikamvimba, alikuwa akimtania: "Wewe unalipwa kukaa kimya na kuangalia maji!"

Uchungu nao ulikuwepo. Tindikali ilikukaa kooni hata ukiwa kanisani. Samaki wa kopo hukumla tena kwa raha, maana ulikwisha kumjua kwa undani. Na zaidi ya yote, ulilolijua hukuruhusiwa kulisema. Siri ya mteja ni siri. Kwa mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ambayo habari hailali na njaa, hilo lilikuwa gumu kuliko tindikali.

Lakini kulikuwa na jambo moja alilolipenda kupita koti na hewa ya baridi. Ni ile chupa tupu. Kila asubuhi, kabla ya kugusa samaki wa mtu au kisima cha mtu, mpimaji anatayarisha chupa isiyo na sampuli. Anatia maji yaliyosafishwa mpaka hayana hata ladha, anatia tindikali kidogo, anaipitisha njia ileile ambayo sampuli za kweli zitapita, kisha anaipa mashine. Mashine inatakiwa iseme hamna kitu. Ikisema kuna kitu, basi kitu hicho hakikutoka kwa mteja. Kimetoka humuhumu ndani, kwenye vyombo, kwenye hewa, au kwenye mkono wa mtu, na siku hiyo hakuna jibu linalovuka mlango. Sagesse aliipenda kazi inayoanza asubuhi kwa kujiuliza kama yenyewe ni safi. Kanisani kwao hilo lilihubiriwa sana na kufanywa kidogo.

Baridi ilipoingia mwaka huu, chupa tupu ikaanza kusema.

Ilisema zebaki. Si nyingi, kidogo tu, kama mtu anayekohoa nyuma ya mlango ili ujue yupo. Sagesse akamwaga, akaosha vyombo, akarudia. Zebaki. Akafungua tindikali mpya. Zebaki. Msimamizi wao, mama wa Kitswana ambaye wote walimwita Mma Dikeledi, mwenye miwani inayoning'inia shingoni na sauti inayosikika mpaka kwa wachomelea mageti, alikuja akasimama nyuma yake.

"Umeshika samaki kabla?"

"Hapana, Mma."

"Basi nani anatia zebaki kwenye chupa yangu? Mizimu?"

Alisema kwa mzaha, lakini neno likabaki chumbani. Mwenzake wa meza ya pili, Pandu, Mzanzibari wa makamo asiyekosa swala ya Ijumaa msikitini Mayfair na asiyekosa utani siku nyingine zote, alitikisa kichwa.

"Nyumba ikiachwa tupu, binti, haikosi mpangaji. Kwetu hata mtungi hatuuachi wazi."

Sagesse alicheka. Kicheko kilimkauka pale Pandu alipoinua pua na kukunja uso.

"Hebu. Nani kajipaka asumini humu?"

Maabara ile ilikataza manukato. Aliyekuja ananukia alirudishwa bafuni kama mtoto. Hakuna aliyejipaka kitu. Lakini Sagesse alikuwa ameisikia harufu ile tangu siku ya kwanza ya chupa kusema, akadhani ni kichwa chake tu kinachomwombolezea. Asumini na limau, na chini yake kitu kizito kama chuma kilicholoa mvua. Ilikuwa harufu ya mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa amelala chini ya udongo tangu mwaka jana.

"Hata mimi naisikia," alisema polepole. "Ni dada yangu."

Pandu hakutania. Alisoma maneno fulani chini ya pumzi, akasogeza kiti chake kidogo, akaendelea na mizani yake.

*

Nyumbani hakuna aliyehitaji mashine ili ajue Héritière amerudi. Vyumba vilikuwa viwili, vimegawanywa kwa mapazia, na watu walihesabiwa kwa sahani. Mama yao, Léocadie, ndiye aliyekuwa nguzo. Kisha mama mdogo Jeanne na redio yake. Kisha wapangaji, na wageni wa wapangaji. Asubuhi palinuka makayabo, samaki wa chumvi waliolowekwa, majani ya sombe, na mafuta ya nywele ya msusi aliyelala nyuma ya pazia la maua. Pua ya mtu ilichoka kabla hajaamka vizuri.

"Juzi nilipita hapo koridoo," alisema mama mdogo Jeanne, akimenya vitunguu, "nikamsikia. Mimi simdanganyi mtu. Harufu yake yote, kama anatoka kuoga. Nikasema, Héritière, unatafuta nini? Wee! Taa ikazima."

"Taa ya koridoo inazima kila siku, Mama mdogo."

"Inazima kila siku, ndiyo. Siku ile ilizima ikinisikia."

Wote walicheka isipokuwa Mama Léocadie. Yeye alikuwa anakoroga chai, na kijiko kiligonga kikombe: ti-ti-ti-ti, kama meno ya mtu mwenye baridi. Alikiweka chini, akaificha mikono kwenye kitenge. Sagesse aliona. Kila mtu aliona. Mikono ya Héritière ilianza hivyohivyo, na kijiko hivyohivyo. Kisha usingizi ukamkimbia, akawa anagombana na watu bila sababu, kisha uso ukavimba, kisha miguu, kisha ikawa hospitali na jeneza.

Hospitali walisema figo. Nyumbani wakasema karuho, ile sumu ya kwao Bukavu ambayo mtu huiweka chini ya ukucha na kukuandalia chai kwa tabasamu. Kidole kikamwangukia Epiphanie, Mrundi aliyechangia saluni na marehemu. Tangu msiba Mama Léocadie hakumsalimu. Akipita mbele ya saluni aligeuza shingo. Na sasa mama mwenyewe alitetemeka, hali mchana wala halali usiku, na jengo zima lilishakubaliana: binti anamwita mama yake. Siku ya kumaliza kilio ilikuwa Jumamosi inayofuata. Wangekuja watu kutoka Yeoville mpaka Rosettenville, na wengine walikuwa wameanza kunong'ona kwamba heri nguo nyeusi zisifungiwe mbali.

Sagesse hakuamini karuho. Yeye alishuku mkorogo. Héritière alijichubua tangu Bukavu. Hapa Johannesburg akawa anachanganya wake mwenyewe, kutoka kwenye makopo meupe yasiyo na jina wanayoleta wafanyabiashara wa mizigo, akitia asumini na limau ili unukie. Mtu wa kazi ya Sagesse hashindwi kukisia kilichomo. Alimwonya, wakagombana, hawakusemeshana mwezi mzima. Baada ya maziko alikwenda saluni, akakusanya makopo yote, akayatupa. Hakumwambia mtu kwa nini. Nani atasikiliza habari za figo, wakati ana adui mzuri wa kumchukia mtaa wa pili tu? Na mama yake alikuwa mweusi wa kupendeza, mtu wa kwaya, aliyewaimbia wanaojichubua kwamba Mungu hakukosea rangi. Kwake hapakuwa na la kushuku.

Kwa hiyo alihofia asichokijua. Ndugu alikwisha kumzika. Mama hakuwa na uwezo wa kumzika; alijijua, angeingia naye shimoni.

*

Kule kazini Mma Dikeledi aliichukulia chupa kama mtu anayetafuta panya: unafunga tundu moja, unasubiri. Ndiyo kazi yenyewe. Unabadilisha kitu kimoja tu, vingine vyote unaviacha vilivyo, la sivyo hujui ni kipi kilichosema. Pandu aliitayarisha chupa kwa vyombo vya Sagesse, kwenye meza ya Sagesse. Mashine ikasema hamna kitu.

Watu wakamtazama Sagesse. 

"Si meza," alisema Mma Dikeledi. "Si vyombo. Ni wewe, mwanangu. Una kitu."

"Nina nini, Mma?"

"Ningejua ningekuuliza?"

Akapewa koti jipya. Zebaki. Akabadilisha sabuni ya kuogea, akanunua ile isiyonukia ya watoto wachanga. Zebaki. Akaacha kitambaa cha kichwa nyumbani, akaja na nywele zimesukwa wazi. Zebaki. Akaacha viatu, mkoba, saa. Wenzake walianza kumpisha njiani kwa adabu nyingi mno, kama anayetembea na mtu wa pili. Pandu peke yake ndiye aliyeketi naye wakati wa chai.

"Binti, kuna kitu gani kinakugusa kila siku kabla hujafika hapa, na bado hujakiacha?"

Alifikiri. Akacheka kwa kuona upuuzi wake mwenyewe.

"Hamna. Labda dua."

Maana kila asubuhi, kabla hajatoka, Mama Léocadie alimwita mlangoni. "Mikono!" Sagesse alitoa mikono yote miwili, mama aliifunika kwa viganja vyake, akaomba kwamba kazi ya mikono ile ibarikiwe, kisha akampitishia viganja usoni kutoka paji mpaka kidevu, kama anayefuta kioo. Ilikuwa desturi yake tangu waliposhuka kwenye basi pale Park Station, wageni wa kila kitu. Zamani walijipanga wawili. Sasa Sagesse alisimama peke yake.

Pandu aliweka kikombe chini.

"Dua haina zebaki. Mkono unaweza kuwa nayo."

"Mama yangu anashika makayabo tu, Kaka Pandu."

"Basi iache siku moja, hiyo dua ya makayabo. Kitu kimoja tu. Si ndivyo tunavyofanya?"

Usiku ule hakulala vizuri. Kwao kuukataa mkono wa mama ni zaidi ya kukataa chakula. Mtu anafanya hivyo akitaka kuvunja ukoo. Asubuhi alingoja mama aende msalani, akachukua mkoba, akafungua mlango taratibu. Alikuwa amefika kwenye ngazi aliposikia:

"Sagesse! Mikono!"

Aliteremka.

"Sagesse, mwana yangu! Umenisahau?"

Aliteremka mbio, kiatu kikimpiga kisigino, na sauti ile ikimfuata ghorofa baada ya ghorofa, mpaka Cyriaque akatoa kichwa mlangoni kwake na sindano mdomoni.

"Kuna nini huko juu? Mnagombana?"

Alimpita.

Kule Doornfontein alinawa, akavaa glavu, akatia maji, akatia tindikali, akaipa mashine. Mma Dikeledi alisimama huku, Pandu kule. Mashine ilinguruma, ikafikiri, ikaleta mstari wake kwenye kioo. Mstari ulilala chini kabisa, umenyooka kama maji ya beseni.

Hamna kitu.

Mma Dikeledi alipiga kigelegele kilichowafanya wachomelea mageti wazime mashine zao. Mtu alikimbia kwenye spaza, kile kiduka cha kona, akaleta magwinya, maandazi ya hapa, ya moto. Walimkumbatia, wale waliokuwa wakimpisha njiani wakawa wa kwanza. "Sharp, Sagesse! Umemfukuza!" Chumba hakikunuka kitu chochote. Asumini ilikuwa imeondoka.

Yeye aliingia stoo ya mapipa, akakaa chini sakafuni na koti lake jeupe, akalia mpaka akajiziba mdomo kwa kiwiko. Mzimu angeweza kuuvumilia. Mzimu una dua zake. Lakini mstari ule ulionyooka ulikuwa umemwambia jambo moja, nalo halikuwa na dua. Zebaki ilikuwa mikononi mwa mama yake.

*

Nyumbani alikuta watu wamejaa mpaka ngazini, maana matayarisho ya Jumamosi yalikuwa yamepamba moto. Mama mdogo Jeanne alikuwa juu ya kiti akigombana na pazia. Mama Léocadie alikaa kitandani, hakuinua macho.

"Umekuja," alisema. "Mtoto asiyetaka mikono ya mama yake."

"Mama, nionyeshe unachojipaka."

Mama mdogo Jeanne aliliachia pazia. 

"Mimi sijipaki kitu. Mimi ni mwanamke wa kwaya."

"Kiganjani, Mama."

 Mama akainama, akaingiza mkono chini ya godoro upande wa ukutani, akatoa kopo jeupe lisilo na jina. Akatoa la pili. Alilifungua moja, na Héritière akaingia chumbani. Hapakuwa na namna nyingine ya kulisema. Asumini, limau, chuma kilicholoa. Hata msusi nyuma ya pazia la maua aliguna na kujiziba mdomo. Mama mdogo Jeanne alishuka kwenye kiti.

"Wewe ulienda kutupa vitu vyake bila kuuliza mtu," alisema Mama Léocadie. "Mimi nilikuwa nimetangulia. Haya ndiyo nilibaki nayo. Sijipaki usoni, Mungu ananiona. Natia kidogo kwenye mikono nikikosa usingizi, naweka hapa kwenye pua, na mtoto wangu anakuja. Tangu baridi ianze, na asubuhi naongeza kidogo, ndipo nakuombea. Nilitaka na yeye awe anakushika."

"Mama, ndiyo hiyo inayokutetemesha."

"Kutetemeka kunatoka kwa karuho. Ile Mrundi alimpa mtoto karuho."

"Epiphanie hakumpa kitu. Ni hii. Ilimla figo, na sasa inakula zako."

"Nyamaza!" Mama alilikumbatia kopo kifuani. "Nimelaani mtu, Sagesse. Mbele ya kanisa nimemlaani. Na sasa unaniambia nilaani nani? Kopo? Utanizikia mtoto mara ngapi?"

Mama mdogo Jeanne aliketi ukingoni mwa kitanda. 

Sagesse alikaa chini, miguuni kwa mama yake. Maneno ya kazi yake yote yalikuwa yamemwishia. Pale palikuwa na mashahidi wengi, na hakuna hata mmoja aliyetaka kusikia habari za mashine. Akasema tu kilichotokea.

"Kule kazini tuna chupa ambayo haitakiwi kuwa na kitu. Tangu baridi ianze ina zebaki. Walisema kuna mzimu. Nimebadilisha nguo, nimebadilisha sabuni, wapi. Leo nimetoka bila mikono yako, na chupa ikawa safi. Mama, inatoka kwako inaingia kwangu. Kila asubuhi. Usoni, mdomoni."

Mama Léocadie hakuelewa mara moja. Alimtazama binti yake kwenye paji, akateremka mpaka kidevuni, ile njia ambayo viganja vyake vilipita kila siku. Kisha kopo likamponyoka likaangukia godoroni. Alirudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo haraka, kama mama aliyeona mtoto anatambaa kuelekea kisu alichokishika.

"Usinikaribie," alisema. "Sagesse, toka hapa chini. Usinikaribie!"

Ilibidi mama mdogo Jeanne amwogeshe, na glavu za Sagesse, na sabuni ya watoto wachanga, maji baada ya maji, huku mama akilia bila sauti na kuuliza kila mara kama imetoka yote. Walitoa godoro nje, walifungua madirisha yote, na baridi ya Johannesburg ikaingia ikaketi miongoni mwao kama mgeni mwingine wa matanga.

*

Sagesse alimweleza Mma Dikeledi kila kitu, akitegemea kufukuzwa. Mma alivaa miwani, akaivua.

"Zebaki hutaigusa mpaka damu yako ipimwe. Utakaa kwenye maji. Na hayo makopo usiyatupe jalalani, watoto wataokota. Yalete, yaende na mapipa yetu."

Mama Léocadie alikataa yapelekwe na mtu mwingine. Asubuhi ya safari ya pili ya hospitali aliyafunga kwenye kitenge, kitenge ndani ya mifuko, akavaa glavu, akayabeba kifuani mwenyewe. Saluni ilikuwa imefunguliwa. Epiphanie alisimama mlangoni na kitana, akaona wanakuja, akageuka ili asione shingo ikigeuzwa.

"Bwakeye," alisema Mama Léocadie.

Ni salamu ya Kirundi, ya asubuhi, ambayo zamani alizoea kumtupia kila siku. Epiphanie alibaki na kitana hewani. Hakuitikia. Mama alisubiri kidogo pale kwenye kijia, watu wakiwapita na mizigo yao, kisha akaendelea kutembea.

Pandu aliwapokea koridoo ya ghorofa ya tatu. Alipokea mfuko kwa mikono miwili, bila kuinua sauti, akauteremsha ndani ya pipa la njano.

"Linakwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Linafungwa, Mama. Linapelekwa kwenye shimo lililojengewa, mbali na maji ya watu."

"Na pale kuna mtu anakaa?"

Pandu alimtazama Sagesse, kisha akamtazama mama.

"Kuna walinzi. Mchana na usiku."

"Basi hayuko peke yake."

Alisimama mpaka kifuniko kilipopigwa na kukaza. Alivua glavu kama alivyoonyeshwa, ndani nje, akaziacha hapohapo. Katika lifti walikuwa wawili tu. Kadi ya hospitali ilikuwa mkobani. Daktari alikwisha kusema figo zimeguswa, ila hawezi kujua ni kwa kiasi gani mpaka majibu yatoke. Mikono ya mama bado ilitetemeka. Aliipeleka puani, akavuta pumzi ndefu, akangoja, akavuta tena.

"Sabuni," alisema.

Lifti ilipita ghorofa ya pili. Chini walianza kusikia mageti yakichomelewa.

"Sagesse. Uso wa dada yako umeanza kunipotea. Ule mwanya wa meno ya mbele. Ulikuwa wa Héritière, ama ni wako?"

"Ni wake, Mama," Sagesse alijibu, na ulimi wake ukaenda wenyewe nyuma ya meno yake kuhakikisha.